Kuingia Siyo Kufaa

Ganda lenyewe bado ninalo, ndani ya kopo la vifungo. Ni kipande cha shaba chembamba kuliko penseli, urefu wake haupiti ukucha wa dole gumba. Ukiligeuza utaona ukingo wa kitako umepasuka upande mmoja, pale hasa ambapo ndoana ya kutolea ganda hushika. Mpasuko una umbo la mwezi mwandamo. Kupitia mpasuko huo moto wa baruti ulirudi nyuma, ukapita kando ya bolti, ukampiga kaka yangu usoni. Alikuwa amevaa miwani ya jua ya bei rahisi, ya kununua kando ya barabara pale Sabasaba. Kioo cha kulia kilijaa vidoa vyeusi. Jicho lilibaki zima.

Tulikuwa shambani, kibali kiko mfukoni, shabaha ni kopo tupu mbele ya kichuguu kikubwa. Risasi ilikuwa mpya, boksi limefunguliwa siku hiyo hiyo. Juu ya boksi iliandikwa .22, na juu ya mtutu iliandikwa .22. Kaka alipoisukuma ilikataa kidogo mwishoni, akaifinya kwa kiganja, bolti ikafunga. "Imeingia," akasema. Nami nikaitikia, imeingia.

Tangu siku ile watu wa hapa Kizota, Dodoma, wanaorithi raifo za wazee wao huja kuniuliza, na wengi wanakuja na neno lile lile: imeingia. Mtu anabisha hodi, tunasalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi, chai inamiminwa, kisha anatoa kipande cha karatasi chenye namba alizonakili kwenye mtutu. Hilo la karatasi nalisifu. Raifo hubaki ilipofungiwa, karatasi ndiyo inayotembea.

Raifo ya kaka ni ya mazoezi. Kwa mbali utaapa ni Mark Four, ile raifo ya vita ya mgambo: mbao ni ile ile, bolti ni ile ile, uzito unalingana. Lakini tundu la mtutu ni dogo, halipitishi hata kalamu ya kuandikia. Marehemu baba aliinunua kwa Mzungu aliyebaki Kongwa baada ya mradi wa karanga kufa. Mradi ule ulianza 1947 kwa kelele nyingi, na ilipofika 1951 serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuutupa. Matrekta yaliondoka, baadhi ya watu wakabaki, na vitu vyao vikaingia nyumba za Wagogo: meza, saa za ukutani, na raifo moja moja.

Sababu ya majeshi kutengeneza raifo za namna hii ni fedha na nafasi. Waingereza walipopigana na Makaburu Afrika Kusini, kati ya 1899 na 1902, waliona askari wao hawajui kulenga. Risasi ya vita ya .303 ni ghali, inahitaji uwanja mrefu, na inamtisha mwanafunzi. Kwa hiyo wakachukua raifo kuukuu za vita, wakatoboa mtutu na kuingiza ndani yake bomba jembamba la .22, au wakaweka mtutu mpya kabisa. Mwanafunzi akashika umbo la bunduki ya vita huku akifyatua risasi ndogo ndani ya uwanja wa yadi 25. Wajerumani nao walifanya hivyo kwa raifo zao katika miaka ya 1930. Ziko pia zilizotengenezwa kwa risasi nyingine kabisa: raifo ndogo za Martini za .310 walizopewa vijana wa Australia, na mabomba ya Morris yenye kaliba yake ya pekee iliyokwisha sokoni zamani. Hapo ndipo mtego ulipo. Umbo la nje halikuambii chochote kuhusu tumbo la ndani.

Kabla ya risasi, karatasi. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na sheria hiyo haina habari na mapenzi yako kwa kumbukumbu za baba. Mwenye leseni akifariki, silaha inakabidhiwa polisi kwanza. Kisha mrithi anayeitaka anaanza safari yake mwenyewe, kuanzia serikali ya mtaa, polisi wa wilaya, hadi kamati za ulinzi na usalama. Leseni ni ya mtu, haimo kwenye mirathi pamoja na ng'ombe. Na risasi unauziwa kwa leseni hiyo, kwa kaliba iliyoandikwa humo, na muuzaji mwenye kibali. Ukikuta raifo imefichwa darini na hakuna karatasi hata moja, usiijaribu na usiihamishe kwa bodaboda usiku. Toa taarifa. Wizara ya Mambo ya Ndani imewahi zaidi ya mara moja kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na hata nje ya vipindi hivyo anayekwenda mwenyewe, mchana, pamoja na mwenyekiti wa mtaa, husikilizwa tofauti na anayekamatwa. Kuhusu gobore la kushindilia baruti na goroli sina ushauri wa risasi. Lipelekeni polisi.

Tuseme karatasi ziko sawa. Jambo linalofuata ni kusoma chuma, na hapa mwanga wa simu na miwani ya kusomea vinatosha kuanzia. Raifo ya Uingereza iliyopita kwenye nyumba ya majaribio ya Birmingham au London ina mihuri midogo karibu na chemba. Ukiona herufi NP, au BNP kwa zilizopimwa Birmingham kuanzia 1954, maana yake mtutu ulijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyotoa moshi. Ukiona maneno NOT NITRO, mtutu ulipimwa kwa baruti nyeusi peke yake, na mjadala umeishia hapo: hakuna risasi ya dukani leo inayoufaa. Ya Kijerumani tafuta taji dogo lenye herufi N chini yake. Kazi yake ni ile ile. Kutokuwepo kwa muhuri wowote hakumaanishi ruhusa. Kunamaanisha fundi.

Tofauti ya baruti hizo mbili wazee wa eneo hili waliiona kwa macho. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Kijerumani katika nchi hii walikuwa bado wanabeba Mauser ya mwaka 1871, na kila walipofyatua wingu jeupe lilipanda juu ya kichaka kuwaonyesha maadui walipo. Baruti nyeusi huwaka kwa namna yake, ile ya kisasa huwaka kwa namna nyingine na kusukuma kwa nguvu kubwa zaidi. Chuma cha kale kilitengenezwa kwa ile ya kwanza.

Baada ya mihuri, kaliba yenyewe. Namba .22 ni jina la ukoo, na ukoo huo una watoto wengi. Kuna Short, ya mwaka 1857, yenye ganda la milimita 10 na ushei. Kuna Long Rifle, iliyotoka 1887, ganda milimita 15 na nusu hivi. Hii ndiyo watu wengi wanayoiita risasi ya .22 bila kuongeza neno. Kuna Magnum ya 1959, ndefu karibu milimita 27 na nene kidogo kuliko wenzake. Raifo iliyochongwa kwa Short usiilishe Long Rifle. Long Rifle ukiitia kwenye chemba ya Magnum itaingia vizuri kabisa, tena bila kusukuma, lakini itacheza ndani kama mtoto aliyevaa koti la baba yake, na ganda litapasuka. Ukitia Short kwenye chemba ya Long Rifle haitakudhuru siku hiyo; baada ya mamia ya risasi masizi yataganda mbele ya ganda, na siku ukirudi kwenye Long Rifle itakwama.

Elewa pia kwa nini ukingo wa risasi hizi ndio unaopasuka. Kwenye .303 fataki iko katikati ya kitako, ndani ya kikombe chake. Kwenye .22 fataki imepakwa ndani ya ukingo wenyewe, pini inaubana ukingo, moto unatoka. Ili ubanike ni lazima ukingo uwe mwembamba. Sehemu inayopigwa ndiyo sehemu dhaifu, na inashikiliwa na uso wa bolti tu. Bolti ikiwa imelika, pakibaki nafasi hata ya unene wa karatasi kati yake na ganda, ukingo hauna wa kuuegemeza.

Kwa hiyo mpe fundi mwenye kibali apime vitu vitatu: chemba, nafasi ya bolti, na mtutu. Anaweza kumimina kalibu ya chemba na kuipima kwa vipimo vya milimita. Ni kazi ya nusu siku. Mwambie pia achunguze kama lile bomba la ndani limeshika vizuri, kwa sababu kwenye raifo zilizobadilishwa bomba huweza kulegea baada ya miaka mingi. Usimwamini anayechungulia mtutu mara moja, anafumba jicho, kisha anasema "safi mzee."

Sasa tufike dukani, alikokosea kaka. Risasi aliyouziwa haikuwa mbovu. Ilikuwa ya kasi ya juu sana, jamii iliyoanza kuuzwa miaka ya 1970, yenye kichwa chepesi na ganda lililorefushwa kwa takriban milimita 2. Kwenye raifo ya kisasa yenye chemba pana haina shida. Kwenye raifo ya mazoezi, ambayo chemba yake hubana ili shabaha iwe nzuri, mdomo wa ganda lile ulifika mahali ambapo mistari ya mtutu inaanza. Ganda likakosa pa kufungukia, kichwa kikachelewa kutoka, shinikizo likatafuta njia nyingine. Ile "imeingia" ya kiganja ilikuwa onyo, nasi tukaisikia kama habari njema.

Kwa raifo kuukuu ya .22 iliyopimwa na fundi, nunua Long Rifle ya mwendo wa kawaida, ile iliyoandikwa Standard Velocity, au ya chini ya mwendo wa sauti, iliyoandikwa Subsonic, yenye kichwa cha madini ya risasi tupu kilichopakwa nta, uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Risasi ya mwendo wa kawaida hutoka pungufu kidogo ya hapo. Ile iliyoandikwa High Velocity hufika mita 380 hivi, na zile za kasi kupindukia hukaribia 500. Risasi za kasi zilianza kuzoeleka karibu mwaka 1930, na raifo nyingi za mazoezi zilichorwa kabla ya hapo. Muuzaji atakwambia zote zimepimwa kiwandani kwa kikomo kimoja cha shinikizo. Ni kweli. Kiwanda kimepima risasi. Bolti ya baba yako yenye umri wa miaka tisini hakikuipima. Tena mtutu wa mazoezi ulitengenezwa kupiga karatasi yadi 25, na kwa umbali huo risasi ya mwendo wa kawaida mara nyingi hulenga vizuri kuliko ya kasi. Unalipia kasi ili upoteze shabaha.

Nunua boksi moja kwanza. Chukua risasi moja, na huku mdomo wa bunduki ukielekea kichuguuni, iache iingie kwa uzito wake na msukumo wa kidole. Ikikataa, itoe, usiishawishi. Ikikubali, fyatua moja tu, kisha okota ganda uliangalie kama unavyokagua punje za mtama kabla ya kuhifadhi. Ganda zuri lina alama safi ya pini ukingoni na mwili ulionyooka. Ukingo uliovimba, masizi yaliyorudi hadi kitakoni, au alama ya pini iliyotoboka: simamisha kazi. Miwani uvae hata kama jirani anacheka.

Kisha kuna risasi zilizorithiwa pamoja na raifo, zile za kwenye kopo la maziwa, ambazo kila familia inaona uchungu kuzitupa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mikono mingi inapoumia.

Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens ilikwepa manowari za Waingereza ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, imebeba raifo na mamilioni ya risasi. Ilipigwa mizinga, ikazama kwenye maji mafupi, na Wajerumani wakazamia kuokoa shehena. Raifo zilifutwa zikafaa. Risasi zilikuwa zimekunywa chumvi. Walizifungua moja moja, wakaanika baruti juani, wakazifunga tena, na bado miezi iliyofuata nyingi ziligoma mikononi mwa askari. Jeshi zima lenye mafundi lilishindwa kuziamini risasi zilizolowa kwa muda mfupi. Wewe una kopo lililokaa miaka arobaini.

Dodoma haina chumvi ya bahari, lakini ina mambo yake. Chini ya bati mwezi Oktoba joto ni la tanuri, na joto la miaka linaharibu baruti. Jambo la pili wengi hawalijui: shaba ya ganda inaogopa mkojo wa mifugo. Waingereza waliligundua India, walipohifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika. Maganda yakaanza kupasuka yenyewe bila kupigwa. Mvuke wa amonia kutoka kwenye mkojo uliingia kwenye shaba iliyovutwa ikapasuka. Nani kati yetu hajalala kwenye tembe ambalo ndama wamefungwa chumba cha pili? Kopo la babu likikaa humo ukutani, usitegemee ganda lake. Lishike kwenye mwanga: ukiona ufa mwembamba kama unywele karibu na mdomo, hiyo haifyatuliwi. Ukiona ukungu wa kijani, haifyatuliwi. Kichwa kinachozunguka kwa vidole, haifyatuliwi. Na zote zilizopoteza boksi lake, kwa hiyo hujui ni za mwendo gani, zihesabu kama mbovu. Zikabidhi polisi, omba maandishi. Usizichome, usizizike, usimpe mtoto achezee.

Mpya nazo zina masharti. Zifungie peke yake, mbali na raifo, mahali pakavu pa ubaridi, sakafuni kuliko darini. Usizifute kwa mafuta ya kulegeza nati, maana hupenya kando ya kichwa na kuua fataki. Watu hufanya hivyo kwa nia njema ili zing'ae.

Siku ya kufyatua, masikio yafanye kazi kabla ya macho. Ukivuta na kusikia "tiki" tu, usifungue bolti. Mdomo ubaki kichuguuni, hesabu polepole hadi sitini, kwa sababu fataki ya zamani huweza kuchelewa na kuwaka baadaye. Ukisikia mlio mnyonge, "puu" badala ya "pa", hilo ni baya zaidi: huenda kichwa kimekwama katikati ya mtutu. Ondoa ganda, hakikisha chemba iko tupu, toa bolti, chungulia mwanga kutoka nyuma, au pitisha ufito kutoka mbele. Risasi ya pili nyuma ya iliyokwama huvimbisha mtutu kama nyoka aliyemeza panya.

Na fikiria inakotua. Risasi hii ndogo husafiri kilomita moja na nusu na zaidi. Baba alipokuwa akipiga kichuguu kile, magharibi ya mji ilikuwa mibuyu na mbuga. Tangu Dodoma itangazwe jiji mwaka 2018 viwanja vimeifuata reli, na kilomita moja na nusu kutoka shamba letu la zamani inavuka upeo wa maghala na kuingia uani kwa watu. Kichuguu kisipokuwa kirefu kuliko wewe na kinene kuliko gari, hakuna shabaha siku hiyo. Tumbili kwenye zabibu za Mbabala ni suala la afisa wanyamapori na sheria zake. Leseni ya silaha si leseni ya kuwinda.

Kusafisha nitasema haraka. Risasi mpya hazina chumvi, kitambaa na mafuta kidogo vinatosha. Lakini kama mzee alitumia risasi za kabla ya miaka ya 1930, fataki zake ziliacha chumvi inayokula chuma, na mafuta hayaiondoi. Maji ya moto ndiyo huiondoa, kisha kukausha, kisha mafuta. Ukikuta mtutu wako una mashimo ya kutu ndani, chumvi hiyo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mtutu wenye mashimo mengi fundi atakwambia uachwe, na ukiambiwa hivyo kubali. Omba utaratibu wa kuizima raifo kabisa chini ya polisi, au uisalimishe. Nimeona watu wakibishana na fundi kwa sababu ya heshima ya marehemu.

Kaka hakubishana. Risasi 49 zilizobaki kwenye lile boksi alizirudisha polisi kwa maandishi wiki ile ile. Fundi alibadilisha ndoana na pini, akapima bolti, akaandika kwenye karatasi: Long Rifle, mwendo wa kawaida, basi. Karatasi hiyo kaka ameibandika ndani ya mlango wa kabati la chuma, na miwani yenye vidoa ameitundika juu yake.